Nyumba tupu wakati wa likizo: nini uzime, nini uache kikiwaka, na ufunguo umpe nani

Ushauri wa kuandaa nyumba kabla ya likizo ni mwingi, na ukiuchukua mmojammoja karibu wote ni mzuri. Kasheshe huanza unapoutekeleza wote kwa mkupuo. Unaambiwa uzime swichi kuu ili hitilafu ya umeme isilete moto. Unazima, na kamera uliyoifunga wiki iliyopita inakufa hapo hapo. Unaambiwa ufunge mapazia mtu asichungulie. Unafunga, na madirisha yanashinda yamezibwa mchana kutwa, siku baada ya siku, yakitangaza kwamba wenyewe hawapo. Unaambiwa usimpe mtu ufunguo. Humpi, na mpira wa mashine ya kufulia ukipasuka siku ya tatu, jirani anabaki nje akisikiliza maji yanavyomwagika.

Ndiyo maana hapa nalinganisha njia zinazogongana na kusema ningeshika ipi. Karibu kila jibu linategemea maswali mawili ambayo inafaa uyamalize kabla hujagusa kitasa wala swichi: unakwenda kwa muda gani, na nani ataweza kuingia ndani ukiwa mbali.

## Kufunga tu, mtu wa kupita, mtu wa kulala, au walinzi

Kufunga mlango na kuondoka bila kumwachia mtu chochote kunafaa kwa usiku mmoja hadi mitatu, basi. Zaidi ya hapo unacheza bahati nasibu, na kinachoweza kukupata si mwizi peke yake. Mwizi huingia akatoka. Maji yanayovuja na friza iliyozimika huendelea kuharibu hadi mtu afungue mlango. Swali la kujiuliza ni hili: jambo likiharibika leo, litagundulika baada ya siku ngapi?

Mtu wa kulala ndani analijibu swali hilo vizuri kuliko wote. Taa zinawaka kwa sababu kuna mtu anazihitaji, taka zinatolewa, maua yananyweshwa, paka halazimiki kuhamishwa. Wezi wengi wa nyumba hutafuta nyumba isiyo na mtu, na hakuna kifaa kinachoiga uwepo wa mtu kuliko mtu mwenyewe. Gharama yake ni nyingine. Unamkabidhi mtu faragha yako, droo zako, bili zako, na kwa kiasi fulani wageni wake. Kama ni ndugu au rafiki, ugumu uko kwenye kusema mambo ambayo kwa kawaida hayasemwi: je, anaweza kuleta mtu alale? Atumie gari? Akivunja kitu, nani analipa? Yaseme mapema, na ikiwezekana yaandikwe hata kwenye ujumbe wa simu. Kama ni mtu wa kulipwa usiyemfahamu sana, aje siku moja kabla wewe mwenyewe ukiwepo, umtembeze hadi kwenye koki kuu ya maji, kabati la breka na mtungi wa gesi, na kila kimoja akifunge na kukifungua kwa mkono wake. Kuelekezwa kwa mdomo tu hakumsaidii mtu saa nane za usiku.

Mtu wa kupita, yaani jirani au ndugu anayeingia mara kadhaa kwa wiki, ndiye ninayempendekeza kwa likizo nyingi za kawaida. Hali chakula chako, halali kitandani mwako, na muda ambao tatizo linaweza kujificha unapungua kutoka wiki mbili hadi siku mbili. Ila kauli ya "nitakuwa naangalia angalia" haitoshi. Mtu aliyeambiwa aangalie nyumba huishia kuitazama akiwa barabarani, anaona paa lipo na mlango umefungwa, anakwambia salama. Mpe kazi zinazotajika: aingie kila chumba, afungue kabati la chini ya sinki na kupapasa kama kuna unyevu, avute maji chooni, aangalie taa ya friza, asogeze mapazia yasibaki vilevile, aokote barua na vipeperushi mlangoni. Dakika 10 zinatosha. Asiende saa ileile kila siku, maana ratiba inayotabirika inamsaidia anayevizia zaidi kuliko wewe.

Kampuni ya ulinzi au king'ora kinachopiga kwenye kituo cha watu wanaokuja ni jambo la kuongezea, si la kubadilishana na mtu wa kupita. Mlinzi hukaa nje. Dari linalodondosha maji halioni. Kuhusu wezi wenyewe, king'ora kina uzito wake: watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina huko Charlotte waliwahoji wafungwa 422 wa makosa ya kuvunja nyumba, katika ripoti ya mwaka 2012, na takriban asilimia 83 walisema huangalia kwanza kama kuna king'ora, huku takriban asilimia 60 wakisema wakikiona hutafuta nyumba nyingine. Hiyo ni hoja nzuri ya kukiweka mahali kinapoonekana. Lakini king'ora kinacholia tu bila mtu wa kuitikia huwachosha majirani, hasa kama kimewahi kulia bure kwa ajili ya paka.

Kwa hiyo: siku tatu, funga. Wiki moja, mtu wa kupita mara mbili. Kuanzia wiki mbili hadi nne, apite kila baada ya siku mbili au tatu. Zaidi ya mwezi, tafuta wa kulala, hata kama si usiku wote.

## Kufuli la nje au kitasa

Hapa watu wengi hujidanganya na ukubwa wa chuma. Kufuli kubwa linaloning'inia nje ya mlango lina kasoro ambayo hakuna unene unaoweza kuifuta: haliwezi kufungwa na mtu aliye ndani. Yeyote anayepita na kuliona anajua nyumba haina mtu. Kitasa kilichozamishwa ndani ya mlango hakisemi lolote. Ukiwepo na usipokuwepo, mlango unaonekana uleule. Kwa mlango wa mbele unaoonekana kutoka njiani, kitasa kinashinda moja kwa moja.

Kufuli libaki kwa stoo, geti la nyuma na mahali ambapo huwa limefungwa hata ukiwa nyumbani. Ukilinunua, tazama ile nusu duara ya chuma inayopita kwenye tundu: ikiwa ndefu na wazi, mkasi wa chuma unaikata, ikiwa fupi na imefunikwa na mabega ya kufuli lenyewe, kazi inakuwa ngumu. Kipimo cha Ulaya cha EN 12320 hupanga makufuli kwa madaraja kuanzia 1 hadi 6, na 6 ndilo gumu zaidi, hivyo kama alama hiyo ipo kwenye pakiti, itakusaidia kuliko maneno "imara sana". Halafu angalia kibamba kinachopokea kufuli. Kama skrubu zake zinaonekana mlango ukiwa umefungwa, mwizi hana haja ya kugusa kufuli. Bisibisi inamtosha.

Na kitasa nacho kina nguvu ya fremu tu. Mlango ukipigwa teke, mara nyingi kinachopasuka ni ubao wa fremu pale ulimi wa kitasa unapoingia, kwa sababu kile kibati kimeshikwa na skrubu fupi za sentimita moja au mbili. Kubadilisha hizo kwa skrubu za milimita 75 zinazofika kwenye mbao nzito au ukuta ni kazi ya robo saa, na ningeifanya kabla ya kununua kitasa kipya cha bei.

Kuna chaguo moja hapa linalotegemea moja kwa moja nani anabaki. Vitasa vinavyohitaji ufunguo pande zote mbili ni vizuri kwa nyumba tupu: mwizi aliyepenya dirishani hawezi kufungua mlango na kutoka na televisheni begani. Akilala mtu ndani, kitasa hichohicho ni hatari, kwa sababu moto ukizuka atatafuta ufunguo gizani kwenye moshi. Nyumba tupu, funga pande zote. Nyumba yenye mtu, ndani kuwe na kipini cha kuzungusha kwa mkono.

Madirisha ya kusukuma kando hayahitaji mjadala. Kata fimbo ya mbao au bomba la urefu wa reli ya chini, ilaze humo, dirisha halisogei. Dirisha dogo la choo ndilo linalosahaulika.

## Ufunguo wa akiba: chungu cha maua, kisanduku, namba za siri, au mkononi mwa mtu

Chini ya zulia la mlangoni, ndani ya chungu cha maua, juu ya fremu. Maficho haya yanajulikana na kila mtu, kwa hiyo si maficho. Kisanduku cha chuma chenye namba, kilichokazwa ukutani kwa bolti, ni afadhali, mradi kisiwe mlangoni penyewe na namba isiwe mwaka wako wa kuzaliwa.

Kitasa cha namba za siri kinapendeza kwa sababu unaweza kumpa mtu namba ya muda na kuifuta ukirudi, na baadhi vinakuonyesha aliingia saa ngapi. Kinachonitia shaka ni betri. Weka mpya kabla ya safari na ujue njia ya dharura ya kitasa chako: vingi vina tundu la ufunguo wa kawaida au vituo viwili vya nje vya kugusishia betri ya volti 9. Pangusa vibonyezo pia. Namba nne zilizochakaa kati ya kumi zinampunguzia mwizi kazi.

Bado ufunguo ulio mfukoni mwa mtu unayemwamini unashinda vyote. Usiuandike anwani. Kama unaweza, mtu wa pili awe nao, kwa sababu yule wa kwanza naye anaweza kusafiri.

## Taa: kuacha zikiwaka, taima, au sensa

Kuacha taa ya sebuleni ikiwaka siku 10 mfululizo ni kosa maarufu kuliko yote. Usiku wa kwanza inasema kuna mtu. Kufika mchana wa tatu, inawaka jua likiwa utosini, na inasema kinyume chake. Kati ya hiyo na kuzima kila kitu, sioni mshindi.

Taima za kuchomeka kwenye soketi ndizo za bei ndogo na zinafanya kazi. Zile za kuzungusha, zenye vijino vya dakika 15 au 30 kuzunguka duara, zina udhaifu mmoja wa kujua: umeme ukikatika kwa muda wa saa nne, saa yake nayo inasimama kwa muda huohuo, na kuanzia hapo taa itachelewa kwa saa hizo nne hadi utakaporudi. Umeme ukikatika mara kwa mara, mwishoni mwa wiki taa ya jioni inawaka alfajiri. Taima ya kidijitali yenye betri ndogo ya ndani hailegei hivyo. Mahali ambapo umeme hautabiriki ningelipia tofauti hiyo bila kusita. Kwingineko, ya vijino inatosha.

Balbu za kuongozwa kwa simu zinaweza kuwaka kwa nyakati zisizofanana kila siku, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini nyingi zinategemea intaneti ya nyumbani, na ruta ikiganda hakuna wa kuizima na kuiwasha, isipokuwa yule mtu wa kupita. Unaona tunavyorudi kwake.

Kwa nje, taa ya sensa inayowaka mtu anapopita ni bora kuliko inayokesha, kwa sababu mabadiliko ya mwanga ndiyo yanayomfanya jirani ageuze shingo. Uchambuzi wa takwimu za uhalifu za England na Wales ulikuta kinga kubwa pale vitu vinne vilipokuwa pamoja: vitasa madhubuti vya milango, vifungo vya madirisha, taa za ndani zenye taima, na taa za nje zenye sensa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji fundi wa kompyuta.

Chagua taa mbili: moja ya sebuleni kuanzia machweo hadi muda wenu wa kulala, nyingine ya chumbani inayoendelea nusu saa baada ya hapo. Zaidi ya hizo ni mapambo.

## Umeme: swichi kuu, breka, au kuchomoa plagi

| Njia | Friji na friza | Kamera, ruta, taima | Umeme ukirudi kwa nguvu |
|---|---|---|---|
| Kuzima swichi kuu | Lazima viwe vitupu | Vyote vinakufa | Vifaa vingi vinakingika |
| Kuzima breka moja moja | Vinaendelea ukiacha breka yake | Vinaendelea ukiacha breka yake | Kinga kwa upande uliozimwa tu |
| Kuchomoa plagi tu | Vinaendelea | Vinaendelea | Kilichochomolewa kiko salama kabisa |

Swichi kuu huvutia kwa sababu ni tendo moja na moyo unatulia. Ila kabla ya kuishusha, tembea nyumbani ukiuliza nini kitakufa nayo: king'ora (betri yake ya akiba imetengenezwa kuvuka umeme wa kukatika, si likizo nzima), pampu inayotoa maji kwenye chumba cha chini, vigunduzi vya moshi vilivyoungwa kwenye waya, geti la umeme, tangi la samaki. Kwa nyumba yenye friji tupu na isiyo na vifaa vya ulinzi, swichi kuu ni chaguo safi. Kwa nyumba nyingine, ningezima breka za jiko, hita ya maji, pasi, mashine ya kufulia na soketi za vyumbani, niache ile ya friji na ile yenye ruta. Inadai breka ziwe na majina. Kama hazina, fanya zoezi hilo wiki moja kabla, si asubuhi ya safari huku teksi inapiga honi.

Kuchomoa plagi kunakamilisha kazi. Ile soketi ndefu yenye kinga husaidia dhidi ya mishtuko midogo ya umeme, lakini radi ikipiga karibu, nafasi ya hewa kati ya plagi na soketi ndiyo kinga ya kuaminika. Televisheni, kompyuta, maikrowevu: chomoa. Usisahau waya wa antena na wa intaneti, maana radi hupita humo pia. Betri za lithiamu, kama za baiskeli za umeme na pawabenki, ziache zikiwa na chaji ya nusu hivi na zisiwe kwenye chaja.

Gesi haina pande mbili. Funga kwenye mtungi wenyewe, usiishie kwenye kitufe cha jiko.

## Friji: kuiacha au kuizima

Chini ya wiki tatu ningeiacha iwake, nikiondoa vinavyooza. Zaidi ya mwezi ningeizima, niifute hadi ikauke, na kuacha milango yake wazi kidogo kwa kijiti au kitambaa. Friji iliyozimwa na kufungwa huota ukungu na harufu hiyo haitoki kirahisi. Katikati ya hapo inategemea una nini kwenye friza.

Ukiiacha, kujaa kwake kunahesabu. Umeme ukikatika na mlango usifunguliwe, friza iliyojaa hushika baridi kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu takriban saa 24, na upande wa friji wa kawaida saa 4 tu. Kama friza ina nafasi, ijaze chupa za maji, ukiacha nafasi juu kwa ajili ya kutanuka. Kisha gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kirudishe. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama katikati au chini, friza iliyeyuka na kuganda tena bila wewe kujua, na vilivyomo ni vya kutupa, hata kama sasa ni vigumu kama jiwe.

## Maji: koki kuu, koki ndogo, au kuacha wazi

Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko kwenye kamera. Mpira unaopeleka maji kwenye mashine ya kufulia, au ule mfupi wa tangi la choo, unakaa na mgandamizo mchana na usiku. Ukipasuka ukiwepo, ni kero ya dakika tano. Ukipasuka usipokuwepo, bomba linatoa maji bila kikomo hadi mtu aje.

Kufunga koki kuu ndiyo kinga kamili, na baada ya kuifunga fungua bomba moja hadi mgandamizo uishe, kisha ulifunge. Kama nyumba ina tangi la juu, kumbuka kwamba koki ya mita inazuia maji ya mtaani tu. Maji yaliyomo tangini bado yanaweza kushuka yote sebuleni. Funga na koki inayotoka kwenye tangi. Hita ya maji izimwe kabla, isije ikachemsha tangi ambalo halipokei maji tena.

Nini kinakuzuia kufunga koki kuu? Bustani inayonyweshwa yenyewe, mfumo wa maji ya kuzimia moto, au mtu anayelala ndani. Katika hali hizo funga koki ndogo moja moja: mashine ya kufulia, mashine ya vyombo, sinki, vyoo visivyotumika. Kuacha yote wazi sioni sababu, labda kwa safari ya usiku mmoja, na hata hapo mashine ya kufulia ningeifunga.

Siku mbili kabla ya kuondoka fanya jaribio hili: hakikisha hakuna anayetumia maji, soma mita, subiri saa moja, isome tena. Ikisogea, kuna mahali panavuja, na bado una muda wa kumwita fundi. Siku ya safari piga picha ya mita ya maji na ya umeme. Ukirudi, namba hizo zitakusimulia kilichotokea.

Sehemu zenye baridi ya kugandisha zina ulinganisho wao wenyewe. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bomba la chuma haliwezi kuyashinda. Unaweza kuacha nyumba na joto la nyuzi 13 hivi za Selsiasi, au ufunge koki kuu na kumwaga maji yote mabombani. Njia ya kwanza inakula nishati na inategemea mtambo wa joto usizime. Ya pili ina kazi zaidi lakini haitegemei chochote. Kwa wiki moja, joto. Kwa msimu mzima, mwaga.

Nyumba ikikaa wiki kadhaa, maji yaliyo kwenye kona ya bomba chini ya masinki na sakafu ya bafu hukauka, na harufu ya maji taka inapanda, pamoja na wadudu. Mwaga maji safi kila tundu kabla ya kuondoka, kisha vijiko viwili vitatu vya mafuta ya kupikia juu yake. Yanaelea na kuzuia maji yasikauke haraka. Na ukirudi baada ya muda mrefu, acha kila bomba litiririke dakika kadhaa kabla ya kutumia. Bakteria wa Legionella hustawi kwenye maji yaliyotulia yenye joto kati ya nyuzi 20 na 45, na huambukiza kwa kuvutwa na pumzi kwenye matone madogo, kwa hiyo fungua bafu la mvua kisha utoke nje ya chumba kwa muda.

## Kamera: kadi ya kumbukumbu au mtandaoni

Kamera inayohifadhi kwenye kadi iliyo ndani yake haina ada ya mwezi, lakini mwizi akiing'oa anaondoka na ushahidi. Inayopeleka picha mtandaoni inabaki na ushahidi, ila inahitaji ruta, umeme na mara nyingi malipo. Ukiweza, chukua inayofanya yote mawili. Moja itazame mlango wa kuingilia kwa urefu wa uso wa mtu, si kutoka darini ambako utapata picha nzuri ya kofia. Akilala mtu ndani, mwambie kamera ziko wapi na za ndani uzizime. Kumrekodi mtu aliyekuja kukusaidia ni uhaini mdogo.

Kabla hujanunua, jiulize simu ikikuamsha usiku ukiwa kilomita elfu moja, utampigia nani. Ukiwa na jina, kamera ina maana. Ukiwa huna, umenunua tiketi ya kutazama nyumba yako ikiibiwa. Kwa bei hiyohiyo, kihisi kidogo cha maji chini ya sinki na kingine nyuma ya mashine ya kufulia vinaweza kukufaa zaidi.

## Vya thamani, mapazia na maneno

Vito na hati: benki au kwa ndugu ni salama kuliko sefu ya nyumbani, isipokuwa sefu hiyo imefungwa kwa bolti kwenye zege. Sefu ndogo isiyokazwa ni sanduku la kumbebea mwizi. Piga picha za paspoti, hati na namba za vifaa, uzihifadhi mahali unapoweza kuzifikia ukiwa mbali.

Mapazia yabaki kama yalivyo siku za kawaida, sogeza tu vya thamani visionekane dirishani.

Picha za likizo: ukizirusha ukiwa huko, umetoa tarehe, ukizirusha ukirudi, ni picha zilezile. Kama huwezi kuvumilia, ziwaendee watu wachache unaowajua kwa sura. Jibu la moja kwa moja la barua pepe linalosema "niko likizo hadi tarehe fulani" nalo lina wasomaji wasiojulikana. "Nitachelewa kujibu" inatosha. Na watoto wasisahauliwe, kwa sababu wao ndio wanaotangaza safari mtaani wiki mbili kabla.

## Ukikaa muda mrefu zaidi ya likizo

Miezi miwili au mitatu hubadilisha mizani. Friji tupu, maji yamefungwa, breka karibu zote chini, gari limechomolewa waya wa hasi wa betri, na mtu wa kulala au kupita kila wiki. Kuna simu moja ya kupiga kabla ya yote hayo, kwa wenye bima ya nyumba: sera nyingi hupunguza au kusitisha fidia nyumba ikikaa bila mtu kwa siku mfululizo zilizotajwa, mara nyingi 30 au 60, na baadhi hutaka maji yawe yamefungwa au mtu awe anakagua kwa vipindi maalumu. Uliza idadi ya siku, uliza kama mtu wa kupita anahesabika au lazima alale, na uombe jibu kwa maandishi. Jibu hilo linaweza kukuamulia peke yake kati ya mtu wa kupita na mtu wa kulala.